Mgeni hajafika, simu haipatikani: kumsubiri mtu Kariakoo

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kumsubiri mgeni wa mkoani pale Kariakoo, shukuru Mungu na uendelee kula maisha. Najua umesubiri daladala, umesubiri mshahara, umesubiri mchumba aliyekuambia "nakuja sasa hivi" kumbe ndiyo kwanza anaingia bafuni. Hiyo yote cha mtoto. Kazi ipo pale mgeni anapokupigia kwamba ameshaingia mjini, halafu mji wenyewe unamficha.

Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa hesabu ya Sensa ya 2022, na ukisimama Mtaa wa Congo siku ya Jumamosi unaweza kuapa kwamba wote wamekuja kununua viatu. Hapo kila mtu ana haraka. Mpagazi anapita na furushi kichwani anapiga kelele "pisha, pisha, mzigo!", guta linakuja nyuma, bodaboda inapita ubavuni, machinga ametandaza sidiria na chaja za simu katikati ya njia, na dada mmoja amesimama katikati ya yote hayo anajadili bei ya kitenge kana kwamba yuko sebuleni kwao. Mahali kama hapo, mtu kupotea ni jambo la dakika moja tu.

Nakupa kisa. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 22 Machi 2025. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa ukingoni, Idi inanukia, na Pasaka nayo ilikuwa nyuma yake, Aprili 20. Wenye maduka Kariakoo wanaujua msimu wa namna hiyo, sikukuu mbili kufuatana, na wachuuzi wa mikoani ndio usiseme. Kila mmoja anafuata mzigo wa magauni ya watoto, vikoi, kanzu na viatu vya kumeremeta.

Shoga yangu mmoja wa Iringa naye alikuwa anafuata mzigo. Tulisoma wote huko huko Iringa, tukamaliza kidato cha nne pamoja, mimi nikarudi mjini kubangaiza na kalamu, yeye akafungua kibanda cha nguo. Hela aliyokuwa nayo haikuwa yake peke yake. Alikopa laki nane na nusu kwenye kikoba cha akina mama wa mtaani kwao, akiwemo mama yake mzazi. Alikataa kabisa kuiweka kwenye simu, anasema makato yanamuuma na Kariakoo mwenye pesa taslimu ndiye anayepunguziwa bei. Akaifunga kwenye kanga, kanga akaifunga kiunoni, juu akavaa gauni pana, akapanda basi la usiku.

Wadogo zangu hamkumbuki, lakini kusafiri usiku kwa basi ni mambo ya juzi tu. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalikatazwa kutembea usiku kucha, mpaka serikali ilipoondoa zuio hilo mwaka 2023. Sasa mtu anatoka Iringa jioni, anashuka Kitonga kwenye giza, anapita Mikumi wanyama wamelala, na alfajiri yuko Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis. Karibu kilomita 500 hizo.

Saa moja asubuhi simu ikaita. "Shoga nimeshuka Mbezi, nipo hai, mgongo ndiyo sina." Nikacheka. Nikamwelekeza: panda gari mpaka Kimara, hapo ingia mwendokasi la Gerezani, siyo la Kivukoni, la Gerezani. Ukifika mwisho wa gari mimi nitakuwa nimesimama hapo saa tatu, nimevaa kilemba cha njano. Akanirudishia maelekezo neno kwa neno kama mwanafunzi anayesoma ubaoni. Nikaridhika.

Saa tatu nilikuwepo. Manyunyu ya masika yalikuwa yameanza. Mabasi yanakuja, yanatema watu, yanaondoka. Nikiona gauni pana moyo unaruka, kumbe mama mjamzito. Saa tatu na nusu nikapiga simu. Unayajua majibu ya yule dada wa kwenye mtambo, hana huruma hata kidogo, sauti ileile kwa aliyefiwa na kwa anayedai deni. Simu haipatikani.

Saa nne. Haipatikani.

Hapa naomba nikuulize, msomaji, wewe ukikaa kusubiri mtu kichwa chako kinaanzia wapi? Changu huanza na hasira. Nilisema atakuwa ameona viatu Mbezi akasahau kama nipo. Baadaye hasira ikaisha, zikaja hesabu: kutoka Mbezi mpaka Kariakoo, hata kwa foleni, haiwezi kuwa saa tatu. Hesabu zilipogoma ndipo ikaja picha. Nikaona kanga imefunguliwa. Nikaona wale jamaa wa mjini wanaokuja na bahasha iliyoanguka, "dada hii si yako?", wanakuzungusha vichochoroni mpaka unatoa mwenyewe kila ulichonacho. Mgeni mwenye laki nane na nusu kiunoni, asiyejua Mkunguni wala Narung'ombe, ni nyama laini.

Saa nne na nusu simu ikaita, nikaidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Alikuwa mama yake kutoka Iringa.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwenzio amefika? Namtafuta simpati."

"Bado mama, ila foleni za huku unazisikia, na mvua inanyesha. Tupo tunamsubiri."

"Sawa mwanangu. Akifika aniambie."

Nilisema "tunamsubiri" kana kwamba tuko kikosi kizima. Sauti ilitaka kunisaliti, nikaikaza. Mama wa watu hakuuliza habari ya hela hata mara moja, na hilo ndilo lililonikata maini.

Basi nikamwachia maelezo kijana anayeuza maji pale kituoni, akimwona msichana wa gauni pana anayeshangaa-shangaa amshike amkalishe, nami nikaingia mitaani kutafuta. Na kwa sababu ukurasa huu kazi yake ni kukutembeza, twende wote.

Kutoka Gerezani nikashika Mtaa wa Msimbazi. Huo ndio mtaa wa Simba, jengo la klabu liko hapo, na wenzao Yanga wako upande wa pili kule Twiga na Jangwani, umbali wa kutembea kwa miguu. Timu mbili zinazogawa nchi nzima vipande viwili zimezaliwa mitaa ya jirani. Nikamuuliza muuza jezi kama amemwona mtu wa namna ile. Akaniambia, "Dada yangu, tangu asubuhi nimeona watu elfu kumi wa namna hiyo." Hakuwa na ubaya, alisema ukweli.

Nikapita Big Bon, nikakata kuingia Congo. Nikafika pale inapokutana na Mchikichi, miguu ikawa mizito.

Hapo ndipo jumba la ghorofa nne liliporomoka asubuhi ya Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024. Watu walikuwa wameshafungua maduka, wateja wako ndani, mafundi wanafanya kazi chini. Waliofariki walizidi 20, na waliotolewa wakiwa hai walikuwa makumi. Kwa siku kadhaa waokoaji walikuwa wakizungumza na waliokwama chini, wakipitisha maji na hewa kwenye matundu. Na juu, nyuma ya kamba, walisimama ndugu, simu mkononi, wakipiga namba ambayo jana yake ilikuwa inapokelewa. Nakumbuka zile sura kwenye televisheni. Wengine waliambiwa "haipatikani" na mtu akatoka hai. Wengine waliambiwa hivyo hivyo na mtu hakutoka.

Tangu siku ile, wakazi wa mjini tumeharibika. Zamani mtu akichelewa Kariakoo tulisema amenogewa na bei. Siku hizi tunaangalia juu kwanza, tunatazama nguzo. Nami nilisimama pale Mchikichi nikawa nayatazama maghorofa yanayobaki, nikamwomba Mungu wangu kimya kimya. Dada mwenye duka la vitenge akaniona. "Unamtafuta mtu?" Nikamwambia. Akatoka nje ya kaunta yake, siku ya mauzo namna ile, akaenda kuuliza maduka matatu ya jirani, akarudi. "Hayupo huku mdogo wangu, lakini usikate tamaa, nenda kaandikishe polisi."

Nikaenda Kituo cha Polisi Msimbazi. Mezani kulikuwa na afande wa makamo. Akaniuliza jina, kabila, rangi, amevaa nini, ana alama gani, mara ya mwisho kuzungumza saa ngapi, namba gani. Akaandika yote taratibu. Akaniuliza kama nimeshafika hospitali yoyote. Nikahisi ubaridi. Akaniona akasema, "Sijasema kuna baya, binti. Nauliza ili tujue wapi tumeshaondoa." Maneno hayo nimeyashika mpaka leo. Kumtafuta mtu ni kuondoa mahali pamoja baada ya pengine, kwa utulivu. Anayekimbia ovyo anarudia mtaa mmoja mara nne.

Nilipotoka nikampigia shangazi yangu, ninayeishi naye Ilala, aangalie kama mgeni kaibukia nyumbani. Shangazi ni mtoto wa mjini wa siku nyingi. Kabla ya simu za mkononi kuzagaa, anasema, mabasi ya mikoani yalikuwa yanashusha watu katikati ya mji, Mnazi Mmoja na Kisutu. Mgeni alikuandikia barua, "nitafika Alhamisi". Alhamisi hiyo ulikwenda stendi na khanga ya kujikinga jua, ukakaa. Basi lilikwama Ruvu? Hujui. Mgeni ameugua hakusafiri? Hujui. Ulirudi nyumbani na giza, Ijumaa ukaenda tena. "Sisi tulikuwa tunasubiri kwa siku," aliniambia kwenye simu, "nyie mnachanganyikiwa kwa masaa." Nikamjibu, shangazi, nyie hamkuzoea kupokelewa. Sisi tumezoeshwa kwamba mtu yupo mfukoni muda wote, ukimkosa dakika kumi unaona amekufa. Akacheka, lakini akaahidi kukaa mlangoni.

Na hapo, nikiwa nakata kurudi upande wa soko, nikakumbuka jina la mahali penyewe. Wengi wetu tunaita Kariakoo kila siku bila kujiuliza. Ni neno la Kiingereza lililotafunwa na midomo yetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, eneo hili liligeuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Hao ni Waafrika waliobebeshwa risasi, unga na masanduku kuwafuata wanajeshi porini. Nairobi nao wana mtaa wao, wanauita Kariokor, jina hilo hilo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa Afrika Mashariki, wengi kwa magonjwa na njaa, kuliko hata kwa risasi. Hakuna aliyeandika barua nyumbani. Kuna mama sehemu fulani alikaa mlangoni miaka mingapi? Mjini tumesimika Sanamu ya Askari mwaka 1927 kwa ajili ya wapiganaji na wapagazi wa vita ile, lakini kumbukumbu kubwa zaidi ya wapagazi ni hili jina tunalolipigia kelele kwenye vituo vya daladala. Na wapagazi bado wapo, "pisha, pisha, mzigo!"

Saa saba ilipogonga mimi niko Mnazi Mmoja, nimeloa, sijala, kilemba cha njano kimekuwa kama tambara. Simu ikaita. Mama wa Iringa tena. Nikafumba macho kabla ya kupokea.

"Mwanangu, mwenzio amenipigia."

Sikusikia yaliyofuata kwa sekunde kadhaa. Nikamwomba mama arudie.

"Amenipigia kwa simu ya watu. Yuko sokoni. Anasema amekaa kwa mama mmoja anauza viungo, nje ya soko, mwamvuli mwekundu. Anasema usimgombeze."

Nilikimbia, msomaji. Nikavuka Lumumba, nikapita katikati ya maguta, nikatokea Soko Kuu. Unalijua jengo lenyewe, lile la maumbo ya miavuli ya zege lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, likaja kuungua usiku wa Julai 10, 2021, ukarabati mkubwa ukafuata. Na kweli, chini ya mwamvuli mwekundu wa kawaida, wa kitambaa, kwenye ndoo iliyofudikizwa, shoga yangu amekaa anakula karanga. Mkono mmoja kwenye karanga, mkono mwingine haujabanduka kiunoni.

Kisa chake ni kifupi. Simu ilimzimikia Kimara, kwa sababu usiku kucha alikuwa anatazama vichekesho. Usingizi nao ulikuwa umemlemea, akapanda basi lililokuwa mbele yake, akalala. Kushtuka, watu wote wanashuka, mbele yake maji. Yuko Kivukoni, anatazama feri ya Kigamboni. Nauli ya mfukoni ilibaki kidogo, ya kiunoni asingeweza kuifungua hadharani. "Ningefunguaje kanga kati ya wanaume wale?" Akaamua kutembea. Akauliza njia kwa wanawake tu, wenye watoto. Akapita Samora, akamwona huyo Askari wa shaba na bunduki yake, akafika Mnara wa Saa ndipo akajua amechelewa kiasi gani, akashika Uhuru mpaka Mnazi Mmoja. Njia nzima ni kama kilomita tatu, lakini kwa kupotea alizifanya sita. Gerezani hakuna aliyemwelekeza vizuri, lakini soko kila mtu analijua. Akasema nitakaa hapo hapo, shoga atanitafuta.

Namba yangu hakuwa nayo kichwani. Aliyoijua kwa moyo ni moja tu, ya mama yake, kwa sababu tangu akiwa mdogo mama huyo alimkaririsha kama sala. Yule muuza viungo akampa simu yake bila hata kuuliza jina. Kwa hiyo habari ilitoka Kariakoo ikaenda Iringa, ikarudi Kariakoo, karibu kilomita elfu moja kwenda na kurudi, ili kuniambia mtu yuko mitaa michache kutoka niliposimama.

Sikumgombeza. Tulikumbatiana tukalia kidogo, tukacheka sana, mama wa viungo akatutania kwamba tunamfukuzia wateja. Tukampigia afande afute jina kwenye kitabu chake, tukampigia shangazi, tukampelekea maji ya moto yule kijana wa kituoni, maana yake, tulinunua chupa nne kwake. Jioni mzigo ulikuwa umefungwa: magauni 60 ya watoto na kanzu 15. Kikoba kimeshalipwa mkopo wake wote kabla ya mwezi wa tano.

Sasa wewe unayesubiri mgeni wiki hii, nikuachie haya machache. Mwambie aandike namba tatu kwenye karatasi, aiweke mbali na simu. Mpeane mahali pa kwanza pa kukutana, na mahali pa pili pa kukimbilia mambo yakiharibika, pawe mahali ambapo hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kumwonyesha. Nauli ya dharura ikae mfukoni, isikae na mtaji. Akichelewa, mwache mtu pale mlipoahidiana kabla hujaondoka kutafuta, na mjulishe mama yake mapema hata kama huna habari njema, kwa sababu mara nyingi simu ya kwanza ya mtu aliyepotea inakwenda kwa mama.

Na ukipita Kariakoo ukaona mtu amesimama anageuza shingo kama feni, mkoba ameukumbatia, usimpite. Muulize tu, "Unamtafuta mtu?" Dada wa vitenge aliniuliza hivyo, na ingawa hakuwa na jibu, nilipata nguvu ya kwenda hatua iliyofuata.

Shoga yangu anakuja tena kufuata mzigo mwezi ujao. Amenunua betri ya akiba ya kuchajia simu, na namba yangu sasa ameikariri, ananisomea kila tukizungumza. Tukijaaliwa, wiki ijayo tukutane hapa hapa.